Mzinga wa Misbah Yamut

Jumapili, 3 Februari 1963

Siku moja watu watauliza ni nani aliyeanzisha kampuni ya kwanza ya michezo ya televisheni hapa Beirut. Watajitokeza wengi. Ndiyo maana naandika. Ni mimi, Misbah Yamut wa mtaa wa Basta, mkodishaji viti vya harusi. Si mtoto wa pasha. Si mkwe wa waziri. Nilianza na viti sita vya kuazima, kimoja kikiwa na miguu mitatu. Leo nina viti mia tatu vilivyopakwa dhahabu, na kampuni.

Kampuni ni hii: mimi; Ustadh Jamil, mwandishi wetu, ambaye asubuhi hufundisha jiografia; Labib na Sitti Wadad, waigizaji; na Abu Khalil seremala. Mchezo wetu ni "Nyumba ya Haji Mahmud". Kila jioni ya Ramadhani, nusu saa, mubashara, bila kukosea. Karibu bila kukosea.

Lakini wakati tuliopewa! Nusu saa kabla ya futari! Nani anatazama televisheni saa hiyo? Wanawake wako jikoni. Wanaume wamelala, na wasiolala wanatukanana barabarani. Wakati mtamu, ule wa baada ya futari watu wakiwa wameshiba na wamelegea, amepewa Nazih Kronfol. Kinyozi! Anauliza maswali ya chekechea na kugawa majokofu.

Leo Bwana Edmond, mkuu wa kituo, aliniita ofisini. Akaniambia kwa upole wa mtu anayemshika kuku mabawa kwamba nina mpaka Sikukuu. Nisipopata watazamaji na mdhamini, ufunguo wa studio anapewa Nazih. Nikamkumbusha kwamba kampuni yangu ndiyo ya kwanza. Akasema ni kweli, na huenda ikawa ya kwanza kufungwa.

Tutaona.

Jumatatu, 4 Februari

Wazo! Kama wanawake wako jikoni, basi jikoni kuje kwenye televisheni. Nikamwamuru Sitti Wadad, mke wa Haji Mahmud katika mchezo, akaange sambusa mbele ya kamera. Karibu kabisa. Mafuta yanachemka, sambusa zinageuka rangi, mpaka mimi mwenyewe mate yakanijaa nikalazimika kutoka nje.

Simu zikaanza kulia. Hatujawahi kupigiwa simu! Mtu mmoja wa Mazraa akasema nikikaanga kitu kingine kabla ya magharibi atakuja kunikaanga mimi. Mwanamke mmoja akasema mumewe amekilamba kioo. Kama haya si mafanikio, sijui mafanikio ni nini.

Aibu ndogo: Labib ndiye Haji Mahmud wetu, lakini nyumbani kwake Ashrafieh ni Mkristo wa Kimaroni, hafungi Ramadhani. Katika mazoezi alikula sambusa tatu. Haji Mahmud akabeua hewani, Ramadhani, jua likiwa bado juu.

Tena kuna mwandishi wa gazeti ameuliza imekuwaje Haji Mahmud, fundi viatu maskini, akalie viti vya dhahabu. Wivu. Angejua bei ya kukodi viti vya mbao kwa watu wengine, wakati mimi nina vyangu, angenyamaza.

Jumanne, 5 Februari

Nazih alinipita kwenye korido. Akaniita "Abu Viti". Mbele ya wapiga picha! Akaniuliza kama Haji Mahmud amemaliza gesi tumboni.

Nikakumbuka jambo. Watazamaji wake wa studioni wanakalia viti vyangu. Nilimkodishia mwenyewe, mwezi mzima! Saa kumi nikamtuma Abu Khalil na mkokoteni. Tukavichukua vyote. Nikaenda nyumbani kutazama aanguke.

Hakuanguka. Watu walipokosa pa kukaa walisimama. Waliposimama, ngoma ilipopigwa, wakashikana mikono na kucheza dabke. Studio nzima! Mke wangu, Umm Adnan, akasema hicho ndicho kipindi kizuri kuliko vyote tangu televisheni ianze. Nikamwambia azime. Hakuzima.

Jumatano, 6 Februari

Leo Mungu amefungua mlango, kupitia uzembe wa Ustadh Jamil.

Aliandika maneno machache mno. Mchezo ukaisha mapema. Familia ya Haji Mahmud iko mezani, supu ya dengu inatoa moshi, na hakuna mtu mwenye cha kusema! Mzinga wa serikali wa kutangaza futari bado haujalia. Labib akashika tende. Akaitazama. Akaielekeza mdomoni, akakumbuka yeye ni Haji, akairudisha. Sitti Wadad akahema. Kimya. Nilikuwa nyuma ya pazia, najivuta nywele chache nilizobakiwa nazo. Kimya. Kisha, kupitia dirisha la studio, mbali kule, mzinga: pu. Labib akala tende. Basi.

Nikaenda nyumbani kama mtu anayetoka kuzika. Nafungua mlango, nakuta jengo zima sebuleni kwangu! Majirani, watoto wao, sahani zao. Wamekuja kusubiri na Haji Mahmud. Muuza vifungo wa ghorofa ya tatu akasema hajawahi kuonewa huruma na mtu wa televisheni namna ile. Na mama mkwe wangu, Hajja Bahija, ambaye tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisifu hata kwa kupumua, akasema: "Yule mtu wako anajua kusubiri."

Nimepata! Kabla ya futari watu hawataki maneno. Wanataka mwenzao wa njaa.

Alhamisi, 7 Februari

Andikeni tarehe hii. Tumepata mdhamini.

Haji Subhi wa Samli ya Nyota. Alikuwa miongoni mwa waliokuja sebuleni jana. Anataka tangazo lake litoke mara tu baada ya mzinga, kijiko cha kwanza kikiwa njiani. Nikamsifu: huyo ni mfanyabiashara. Tatizo moja. Kituo huuza dakika kwa saa ya ukutani, na mzinga wa serikali hautoi miadi. Ukichelewa kidogo, samli inatangazwa kwa watu wenye njaa na kisirani.

Mtu mwingine angekwama hapo. Mimi nikauliza jua linazama saa ngapi leo. Nikaambiwa saa kumi na moja na robo, au karibu na hapo. Robo! Wakati safi, rahisi kukumbuka. Nikatia sahihi: tangazo saa kumi na moja na robo kamili, kila siku, mpaka mwisho wa Ramadhani. Na mzinga tutapiga wenyewe.

Abu Khalil amesimamisha pipa tupu la mafuta kwenye ngazi za studio, na nyundo ya mbao iliyofungwa blanketi. Tukajaribu. BUM! Vumbi likaanguka kutoka darini. Mzinga wa serikali unakohoa kama mzee anayetafuta miwani. Wangu unatangaza!

Ustadh Jamil alitaka kuniambia kitu kuhusu mwezi wa Februari. Nikamwambia aache jiografia shuleni. Kazi yake hapa ni kuandika maneno, tena machache.

Jumapili, 10 Februari

Nimepiga hesabu. Kila televisheni ya Basta ina watu kumi na wawili mbele yake, na wale wa roshani ya jirani sijawahesabu. Mwenye mkahawa wa pembeni ameigeuza seti yake itazame barabara. Redio zimezimwa. Mvua inanyesha siku ya tatu mfululizo, madirisha yamefungwa, na ndani ya kila nyumba hakuna mzinga ila wangu. Watoto wakigongana barabarani wanapiga kelele: "Bum la Misbah!"

Hajja Bahija amehamisha mswala wake na sahani yake mbele ya kioo. Anashika tende pamoja na Labib. Wanahema pamoja. Bum, wanakula pamoja. Jana nikasikia, nyuma ya mvua, kama mngurumo mdogo wakati supu imekwisha nusu. Hajja akatega sikio. Akasema mzinga wa serikali siku hizi umekuwa mvivu, unasubiri wa Misbah kwanza ndipo unafuata.

Nilifurahi mno. Serikali inaniiga!

Bwana Edmond leo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema baada ya Sikukuu huenda tukazungumza kuhusu ule wakati mwingine. Hakuutaja. Haikuwa lazima. Nazih alikuwa karibu, anachana nywele za mtu kwa mazoea. Hakuniita Abu Viti. Hakuniita chochote.

Umm Adnan anasema ninatembea kama nimemeza fimbo. Ni heshima tu, imenikaa mgongoni.

Jumatano, 13 Februari

Natamani siku hii isingekuwepo.

Niliwaalika nyumbani kufuturu: Bwana Edmond, Haji Subhi wa samli, na Sheikh Munir wa msikiti wetu. Wauone mzinga wangu ukifanya kazi. Umm Adnan alipika kibbe za nyama, akatengeneza saladi ya fatoush, sharubati ya jalabu imejaa njugu za msonobari. Studio nilimwachia Abu Khalil na maagizo: saa ya ukutani, robo kamili, piga.

Mvua ilikuwa imekatika. Mke wangu akafungua madirisha hewa iingie. Laiti angeyaacha!

Tumekaa. Jengo zima liko nyuma yetu. Sheikh Munir yuko bafuni anatawadha. Labib ameshika tende. Hajja ameshika yake. Watu hawapumui.

BUM!

Uzuri gani! Tende zikaingia, supu ikaingia, jalabu ikashuka makoo arobaini kwa pamoja. Bwana Edmond akapiga makofi. Kwenye kioo samli inayeyuka juu ya wali, na Haji Subhi analia machozi.

Sheikh Munir akatoka bafuni, maji yanamdondoka viwikoni. Akatutazama. Akatazama dirisha la upande wa bahari. Akasema taratibu, "Misbah mwanangu, kile ni nini?"

Nikasema ni jua, sheikh wangu.

"Linafanya nini pale?"

Lilikuwa limekaa juu ya maji, zima, jekundu, kama chungwa juu ya meza. Nje watu wa roshani wametulia, vijiko hewani. Tukakaa hivyo, jengo zima, tukilitazama jua likishuka bila haraka, kama mtu anayejua anatazamwa.

Kisha, mbali: pu.

Hajja Bahija akatoa kokwa mdomoni. Akaiweka kwenye sahani kama anaweka ushahidi. Akasema amefunga miaka hamsini. Amefunga na homa. Amefunga mwaka wa arobaini na moja, mabomu yakianguka bandarini. "Mabomu hayakunifuturisha," akasema. "Amenifuturisha mkwe wangu."

Alhamisi, 14 Februari

Mchinjaji amekataa kuniuzia nyama. Amesema hana. Nyama ilikuwa inaning'inia nyuma ya kichwa chake.

Nazih ameniletea zawadi. Saa ya mezani, kwenye karatasi ya kung'aa, na salamu za pongezi kwa mtu pekee aliyeifuturisha Basta nzima kwa nyundo.

Bwana Edmond alikuwa mfupi. Sikukuu, ufunguo mezani.

Mchana Sheikh Munir aliwakusanya watu msikitini. Nikaenda. Sijifichi, sijaiba. Sheikh akasema, kwa rehema zake, kwamba aliyekula akidhani jua limezama hana dhambi, ila analipa siku hiyo baada ya Sikukuu. Siku moja. Watu wakanung'unika lakini wakapoa. Siku moja si kitu. Muuza vifungo hata alinipisha kidogo nikae.

Ndipo Ustadh Jamil akasimama. Mwandishi wangu mwenyewe! Namlipa mimi! Akakohoa kama anaanza somo la pili. Akasema jambo dogo tu, kwa ajili ya usahihi: mwezi huu jua huchelewa kuzama karibu dakika moja kila siku. Kwa hiyo robo kamili ilikuwa sawa Alhamisi na Ijumaa. Kuanzia Jumamosi, haikuwa.

Nikawaona wanahesabu kwa vidole. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Jana. Mkono mzima! Mtu nyuma akapiga yowe, "Tano!" Na sauti ya Hajja Bahija, upande wa wanawake, nyuma ya pazia: "Na yeye akajisifu eti serikali inamwiga!"

Nilijitetea. Nikaeleza kwamba mkataba ulikuwa safi, saa ilikuwa safi, nyundo ilikuwa safi. Aliyehama ni jua. Hawakutaka kusikia. Ndivyo ilivyo kwa waanzilishi.

Jumatano, 20 Februari

Pipa limefungiwa stoo kwa amri ya Bwana Edmond. Sasa Labib anasubiri mzinga wa serikali kama mtu yeyote, na tangazo la samli linatoka wakati bado ameshika tende. Haji Subhi anasema watu wameanza kuihusisha samli yake na uchungu.

Nimepita barabarani nikachungulia madirishani. Basta wananitazama bila sauti. Wote! Picha tu, sauti wameizima, na redio imewashwa pembeni kwa ajili ya mzinga.

Nimesikitika mpaka pembe ya barabara. Kisha nikasimama. Bila sauti, ndiyo. Lakini hawajazima picha. Wana hasira nami na bado wanataka kusubiri na Haji Mahmud. Mchinjaji mwenyewe nilimwona, ameshika tende.

Nina kitu hapo. Sijui bado ni nini.

Jumatatu, 25 Februari

Sikukuu. Hakuna aliyekuja. Maamuli za Umm Adnan, biskuti za tende za Sikukuu, zimejaa sinia tatu, nimekula sinia moja peke yangu. Nilimbusu mkono Hajja Bahija, akalikubali busu, akaficha peremende.

Aliyekuja ni Labib tu, mikono mitupu, uso mrefu. Nikamkaribisha maamuli. Akasema hawezi, leo Kwaresima yao imeanza. Hakuna nyama, hakuna samli, hakuna maziwa. Mwezi mzima aliigiza njaa, sasa ameipata ya kweli. Nikacheka. Akasema nisicheke, kwani Basta nao hawajamaliza, wanadaiwa siku tano kila mmoja.

Nikaacha kutafuna.

Siku tano. Mtaa mzima umefunga. Una njaa, una kisirani, unasubiri magharibi. Na mzinga wa serikali? Serikali haipigi mzinga nje ya Ramadhani! Kimya! Watu wote wale, njaa yote ile, na hakuna mzinga!

Umm Adnan akaniuliza kwa nini natabasamu hivyo. Nikamweleza. Akachukua sinia mbili zilizobaki akahamia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango kwa komeo.

Kumbe siku moja ingekuwa balaa tupu. Tano ni mfululizo wa televisheni!

Alhamisi, 28 Februari

Ufunguo wa studio uko mfukoni mwangu. Nausikia ukigonga paja nikitembea.

Nilikwenda kwa Sheikh Munir kwanza. Nikamwambia kulipa peke yako ni kuzito, kulipa pamoja ni kwepesi. Akakubali kwamba hilo ni neno zuri, akashangaa limetoka kwangu. Basta watalipa kwa pamoja, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Pipa ameliruhusu, kwa sharti lisitangulie jua. Nikaapa. Kisha kwa Bwana Edmond: "Haji Mahmud Analipa", jioni tano, mubashara. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa aliusukuma ufunguo upande wangu wa meza. Nazih alikuwa mlangoni, amekuja kuuchukua. Amevaa tai! Nikamuuliza kama anahitaji kiti.

Haji Subhi ametia sahihi tena. Labib amekataa kugusa chochote chenye samli kwa sababu ya Kwaresima, kwa hiyo atatafuna dengu tupu na kusifu samli kwa macho. Hajja Bahija amekubali kukaa sebuleni. Atakaa mbele ya televisheni, amesema, lakini atatazama dirisha.

Ustadh Jamil nimemsamehe. Mtu mkubwa husamehe. Leo akaniletea karatasi, ameandika jua linazama saa ngapi kila siku ya wiki ijayo. Jumatatu wakati huu, Jumanne wakati ule, kila siku tofauti! Nikamuuliza kwa upole nani atakumbuka nyakati tano. Bango moja, wakati mmoja, hiyo ndiyo biashara. Nimeshachapisha, na picha ya kopo la samli: saa kumi na moja na nusu kamili, siku zote tano. Nusu! Hata mtoto hasahau nusu. Akasema ikifika nusu jua litakuwa bado halijazama. Nikamwambia ni bado kidogo tu, na kidogo haionekani kwenye bango.

Alitaka kuendelea, lakini nikaitwa nje. Abu Khalil alikuwa amefika na mkokoteni. Lile pipa la zamani limepasuka, ameleta jingine, kubwa mara mbili.

Tukajaribu. Njiwa wakaruka mpaka Ashrafieh. Safari hii haitakuwa Basta peke yake. Beirut nzima itanisikia.